Kishati Kimekuwa Kigumu

MUZDALIFA: Haloo? Kaka Mudathiri? ... Haloo? Mbona husemi, nani huyo?

SEMENI: Ni mie, mama yako. Usipige kelele, nakusikia.

MUZDALIFA: Mama! Shikamoo, mama.

SEMENI: Marahaba. Hujambo?

MUZDALIFA: Sijambo. Mbona hii ni namba ya kaka?

SEMENI: Ya kwangu haina chaji. Ridhiwani hajambo?

MUZDALIFA: Mume wangu mzima, yuko gereji. Mama, simu ya kaka umeifikiaje? Wewe si uko Delta?

SEMENI: Niko Bungu.

MUZDALIFA: Nyumbani kwa kaka?

SEMENI: Kwani Bungu nina nyumba nyingine? Umekula?

MUZDALIFA: Tangu lini uko Bungu? Umepita hapa Kibiti bila hata kushuka ku—

SEMENI: Nimekuuliza, umekula?

MUZDALIFA: Nimekunywa chai.

SEMENI: Chai siyo chakula. Hasa hiyo ya kwenu, yenye utando juu kama maziwa yaliyolala.

MUZDALIFA: Nilibandika maharage, mama. Jana mchana. Nikazima, leo nikabandika tena. Bado kokoto.

SEMENI: Tia magadi.

MUZDALIFA: Nimetia. Yameiva rangi tu.

SEMENI: (Anacheka kidogo.) Lo! Na mkwe wangu anakula?

MUZDALIFA: Mkweo anameza. Anasema meno ni yake, atayahitaji uzeeni.

SEMENI: Ana akili huyo. Asingeng'oa yale mabati ya kukingia mvua ningesema ana akili nyingi.

MUZDALIFA: Mama, usianze. Nani angejua? Bomba limeingia mpaka uani, unafungua yanatoka. Wanawake wa mtaa huu tulipiga vigelegele. Ridhiwani alichinja jogoo.

SEMENI: Najua. Nilikuwepo, nilikula paja.

MUZDALIFA: Basi. Pipa la mvua lilikuwa la nini tena? Akalikata akawafanyia kuku nyumba.

SEMENI: Sasa kuku wanalala kwenye pipa na nyie mnaoga mawe.

MUZDALIFA: Maji ni maji, mama. Mbona kuna watu hawana.

SEMENI: Sijasema hayana faida. Nasema ni magumu. Birika lenu mmelikwangua?

MUZDALIFA: Nimelikwangua mpaka kisu kikapinda. Ukoko mweupe, kama chokaa ya ukutani. Yule jirani yangu Tereza, nesi, sare zake nyeupe zimekuwa rangi ya jivu. Anasema akiingia wodini wagonjwa wanadhani ametoka kupika mkaa.

SEMENI: (Anacheka.) Maskini.

MUZDALIFA: Nywele zangu nazo katani. Nimezifunga tu.

(Simu inakoroma.)

SEMENI: Haloo? ... Uko wapi hapo? Nasikia maji.

MUZDALIFA: Niko uani.

SEMENI: Unafanya nini?

MUZDALIFA: Nafua.

SEMENI: Unafua nini?

MUZDALIFA: Nguo.

SEMENI: Nguo za nani?

MUZDALIFA: Nguo tu, mama.

SEMENI: Funga bomba.

MUZDALIFA: Bado sijasuu—

SEMENI: Muzda, funga bomba. Nataka nikusikie vizuri.

(Maji yananyamaza.)

MUZDALIFA: Nimefunga.

SEMENI: Ni kile kishati?

MUZDALIFA: Nani kakwambia?

SEMENI: Mumeo. Kanipigia, kaniambia, mama, mwanao anafua kishati kimoja kila siku ya Mungu, kikikauka anakirudisha tena kwenye beseni. Akaniuliza amnyang'anye au amwache. Nikamwambia amwache.

MUZDALIFA: Mimi sina wazimu, mama.

SEMENI: Nani kasema una wazimu?

MUZDALIFA: Nakifua kilainike. Unakikumbuka kilivyokuwa? Ukikishika ni kama umeshika sikio la sungura. Sasa nikikianika kinakauka kama boksi. Naona siyo, narudia, labda sabuni haikutoka. Kinazidi. Jana nimekianua kwenye kamba... mama, kimesimama.

SEMENI: Kimesimama vipi?

MUZDALIFA: Nimekiweka juu ya meza, kimesimama chenyewe. Kifua kimejaa, mikono imenyooka. Kama kuna mtu ndani.

(Kimya kirefu.)

MUZDALIFA: Mama?

SEMENI: Nipo.

MUZDALIFA: Nikakaa nikakitazama mpaka Ridhiwani akarudi. Hakusema kitu. Akakilaza, akakifunika kwa taulo.

SEMENI: Ndiyo.

MUZDALIFA: Halafu akaenda kuoga, akakaa huko sana. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akili—

(Mtoto analia kwa mbali.)

MUZDALIFA: Mama.

SEMENI: Naam.

MUZDALIFA: Nani anayelia huko?

SEMENI: ... Ni mtoto.

MUZDALIFA: Wa nani?

SEMENI: Wa kaka yako. Subira amejifungua.

MUZDALIFA: Wifi amejifungua.

SEMENI: Amejifungua. Salama, Alhamdulillah.

MUZDALIFA: Huo mlio siyo wa mtoto wa leo. Wa leo analia kama paka. Huyo ana kifua. Lini, mama?

SEMENI: Kesho anatolewa nje.

MUZDALIFA: Kesho anatolewa... Yaani ana wiki! Wiki nzima! Na mimi nampigia kaka, hapokei. Namwandikia wifi ujumbe, vipi hali yako, tumbo linashukaje, ananijibu poa tu, tunasubiri. Poa tu! Anasubiri nini, na mtoto yuko kitandani?

SEMENI: Muzda—

MUZDALIFA: Na wewe umepita Kibiti ndani ya gari, umeinama dirishani nisikuone!

SEMENI: Sikuinama. Nilikaa upande wa pili. Acha nikwambie—

MUZDALIFA: Mimi ni nani kwenu, mama? Ni jirani?

SEMENI: Ukimaliza kupiga kelele, utaniambia.

MUZDALIFA: Nimemaliza.

SEMENI: Hujamaliza. Vuta pumzi. ... Haya. Walikuogopa. Sikufichi. Mudathiri alisema, nitampigiaje dada yangu nimwambie nina mtoto, na yeye juzi tu tumetoka kaburini naye? Alishika hii simu, akaiweka. Akaishika, akaiweka. Mwishoni akawa anaikimbia ikilia jina lako. Mtu mzima, ana ndevu.

MUZDALIFA: Angeniambia tu. Ningelia nikanyamaza.

SEMENI: Ndivyo nilivyomwambia mie. Wakasema, mama, wewe una moyo mkavu.

MUZDALIFA: ... Ni wa nini?

SEMENI: Wa kike.

MUZDALIFA: Wa kike.

SEMENI: Wa kike. Ana nywele mpaka shingoni, mweusi kama baba yake, pua ya kwao Subira. Mbaya kidogo sasa hivi, atapendeza.

MUZDALIFA: (Anacheka, halafu analia.) Alhamdulillah. Wa kike.

SEMENI: Haya, lia. Nakusubiri. Salio ni la kaka yako, anastahili liishe.

(Simu inakoroma.)

MUZDALIFA: Sasa umenipigia wewe. Yeye anajua?

SEMENI: Hajui. Nimeichukua iko kwenye chaji. Sikiliza nilichokupigia, maana muda hautoshi. Kesho mtoto anatoka nje. Anatakiwa avae kishati cha babu yenu.

MUZDALIFA: ...

SEMENI: Umenisikia?

MUZDALIFA: Nimekusikia.

SEMENI: Ndicho alichotoka nacho Mudathiri, ndicho ulichotoka nacho wewe. Mama mkwe wangu alikikata kwenye msuli wa Mzee Mfaume uliokuwa umechoka kabisa, akakishona kwa mkono, kwa sababu mtoto akitolewa nje hatiwi nguo mpya ya kumkwaruza. Anatiwa kilichovaliwa. Huo ndiyo utaratibu wa nyumba hii, sikuuweka mie.

MUZDALIFA: Naujua utaratibu.

SEMENI: Basi.

MUZDALIFA: Kwa hiyo mnataka kishati.

SEMENI: Ndiyo.

MUZDALIFA: Kishati mnakitaka. Mimi hamnitaki.

SEMENI: Nani kasema?

MUZDALIFA: Nani atamvalisha, mama? Sema. Anayevalisha ni shangazi. Shangazi wa huyo mtoto ni mimi, kaka hana dada mwingine. Nani mmempanga?

SEMENI: ... Wamempanga Sikujua.

MUZDALIFA: Sikujua mtoto wa baba mkubwa? Sikujua hajui hata kumfunga mtoto mgongoni! Mtoto wake wa kwanza aliwahi kumdondokea kwenye ngoma!

SEMENI: Ndiyo huyo.

MUZDALIFA: Na wewe umekubali.

SEMENI: Ningekubali ningekuwa nakupigia? Ningemwambia konda alete kifurushi, yakaisha.

MUZDALIFA: Wifi anasemaje?

SEMENI: Subira ni mzazi. Hajalala. Analia uji ukiwa wa moto, analia ukipoa.

MUZDALIFA: Kuhusu kishati, mama. Usinizungushe.

SEMENI: Aliogopa. Alisema kimevaliwa na mtoto aliyekufa. Nikamwambia, na Mzee Mfaume aliyevaa huo msuli yuko wapi, si naye tumemzika? Akasema babu alikuwa mzee. Nikamwambia nguo haijui miaka ya mtu.

MUZDALIFA: Akasemaje?

SEMENI: Baadaye, namkanda mgongo, akaniambia, lakini shangazi wa mwanangu ni mmoja. Hakuongeza neno.

MUZDALIFA: Ana haki ya kuogopa.

SEMENI: Ya kuogopa nini?

MUZDALIFA: Hata mimi ningeogopa. Watu wanasema, mama. Wanasema nyumba ile, yale maji. Nilikuwa namwogesha maji ya bomba. Yakikauka anakuwa mweupe mweupe, kama kapakwa unga. Mapajani, shingoni. Nilikuwa naona kabisa. Napaka mafuta, kesho yake yamerudi. Na mimi naendelea kumwogesha hayo hayo.

SEMENI: Hilo ni la ngozi.

MUZDALIFA: Unajuaje?

SEMENI: Kwa sababu nilisoma. Nilikwenda chuo cha ualimu kujifunza sayansi, sikwenda kupiga picha. Maji yakipita kwenye mawe yanabeba chokaa ya huko chini. Ukiyachemsha, chokaa inashika birika. Ukitia sabuni, sabuni inapigana na chokaa kwanza, wewe unapata utando. Yanakausha ngozi, yanakomaza maharage, yanaharibu sare za Tereza. Mtoto hayamuui.

MUZDALIFA: Tereza naye alisema hayana neno. Lakini yeye mwenyewe ananunua ya chupa.

SEMENI: Ananunua kwa sababu chai haimkolei! Muulize. Muzda, sikiliza. Hospitali nilikuwa nimesimama pale, wewe umekaa chini. Daktari alisema nimonia. Alisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hukumsikia. Mapafu, mwanangu. Siyo ngozi. Siyo maji. Siyo mikono yako.

MUZDALIFA: Unasema kama uko mbele ya darasa la sita.

SEMENI: Nitasema kwa namna gani? Ndiyo sauti niliyonayo.

(Kimya.)

SEMENI: Muzda?

MUZDALIFA: Nipo.

SEMENI: Nenda ndani, kuna jua hapo.

MUZDALIFA: Umejuaje kuna jua?

SEMENI: Hapa Bungu linawaka, kwenu limekwenda wapi?

(Mlango unalia.)

MUZDALIFA: Niko ndani. Lakini mama, hata nikitaka. Kishati chenyewe hakivaliki. Kitamkwaruza. Kitamtoa mtoto nje na kidonda shingoni, ndipo watasema zaidi.

SEMENI: Ungekuwa huku ningekufulia mie. Nimekuja na dumu la maji ya mvua kutoka kwetu. Kule Delta visima vina chumvi lakini mvua Mungu anatupa, tangi la shule limejaa. Ndiyo anayooga mtoto.

MUZDALIFA: Anaogea ya mvua.

SEMENI: Ndiyo.

MUZDALIFA: Kumbe. Na unasema maji hayana neno.

SEMENI: ... Usinitege. Nimeleta dumu kwa sababu sabuni inakwenda sana.

MUZDALIFA: Sawa, mama.

SEMENI: Sawa nini?

MUZDALIFA: Sawa tu.

(Simu inakoroma.)

SEMENI: Haya, nilileta dumu kwa sababu na mie ni bibi yake. Sikulala siku ile, wala siku iliyofuata. Akili inajua, moyo unabeba dumu. Umeridhika?

MUZDALIFA: ... Pole, mama.

SEMENI: Tusipoteze salio. Huko huna maji ya mvua?

MUZDALIFA: Tone. Nimekwambia pipa ni la kuku.

SEMENI: Maji ya kunywa mnachemsha?

MUZDALIFA: Tunachemsha.

SEMENI: Yamebaki?

MUZDALIFA: Yamejaa. Mama, ndoo zote zimejaa. Tangu siku ile nachemsha kila tone. Asubuhi nachemsha, jioni nachemsha. Gesi inaisha, Ridhiwani ananunua nyingine, haulizi. Hatuyamalizi, tuko wawili tu. Ndoo ziko hapa ukutani, sebule imekuwa kama kilabu cha maji.

SEMENI: Zimefunikwa?

MUZDALIFA: Zimefunikwa.

SEMENI: Funua moja. Ya zamani kuliko zote.

MUZDALIFA: Ya nini?

SEMENI: Funua, uniambie unaona nini chini.

(Mfuniko unalia.)

MUZDALIFA: Unga. Chini kuna unga mweupe umelala.

SEMENI: Na juu?

MUZDALIFA: Juu meupe... yaani, safi. Yametulia.

SEMENI: Basi. Ile chokaa imeshuka, umeitoa mwenyewe kwa moto. Hayo ya juu yamelainika. Siyo kama ya mvua, lakini yamelainika. Chukua kata, chota ya juu taratibu, usitikise ndoo. Tia kwenye beseni safi. Unga uuache chini.

MUZDALIFA: Haya ni ya kunywa, mama.

SEMENI: Mnakunywa mara ngapi, nyie ngamia? Chota.

MUZDALIFA: Nachota.

SEMENI: Weka simu spika.

MUZDALIFA: Nimeweka.

SEMENI: Yafike nusu beseni. Sabuni unayo ipi?

MUZDALIFA: Ya unga na ya mche.

SEMENI: Ya mche. Siki ipo?

MUZDALIFA: Ipo kidogo, ya kachumbari.

SEMENI: Kifuniko kimoja, kwenye suuzo la kwanza. Inakula chokaa iliyobaki kwenye uzi. Usizidishe, kitanuka kachumbari, halafu shangazi ataonekana anatoka kwenye chipsi.

MUZDALIFA: (Anacheka kidogo.) Mama wewe.

SEMENI: Kiko wapi kishati?

MUZDALIFA: Hiki hapa mkononi. Nilikuja nacho.

SEMENI: Kitie.

(Kimya.)

SEMENI: Umekitia?

MUZDALIFA: Bado.

SEMENI: Mbona?

MUZDALIFA: Nanusa kwanza. Huwa nanusa kabla sijakitia. Hapa kwenye kola, ndipo alipokuwa anatemea maziwa.

SEMENI: Haya. Nusa.

MUZDALIFA: ...

SEMENI: Kinanuka nini, mwanangu?

MUZDALIFA: Kinanuka yeye.

SEMENI: Muzda.

MUZDALIFA: Kinanuka... sabuni. Kinanuka sabuni na bomba.

SEMENI: Nilikinusa na mie, nilipokuja kukutazama. Ulikuwa umelala. Kilikuwa kimeshanuka sabuni wakati ule.

MUZDALIFA: Hukuniambia.

SEMENI: Nilikikunja nikakirudisha chini ya mto wako. Ningekwambia nini?

(Mtoto analia tena, karibu zaidi, halafu ananyamaza.)

MUZDALIFA: Nimekitia.

SEMENI: Kimezama?

MUZDALIFA: Kimegoma kwanza, sasa kimezama.

SEMENI: Kiache kinywe. ... Sasa sabuni. Kidogo, kolani na kwapani. Tumia viganja, usikisugue kama jinzi.

(Maji yanasikika.)

MUZDALIFA: Mama.

SEMENI: Naam.

MUZDALIFA: Povu.

SEMENI: Limetoka?

MUZDALIFA: Limejaa, mama! Limefika kwenye viwiko. Sijaona povu kama hili tangu... Kinalegea. Ule mkono wa kushoto umelegea.

SEMENI: Ndiyo.

MUZDALIFA: Unajikunja.

SEMENI: Usilie juu ya beseni. Machozi yana chumvi, utarudia kazi.

MUZDALIFA: Silii.

SEMENI: Unalia. Geuka pembeni.

MUZDALIFA: Nimegeuka.

(Mlio wa salio.)

SEMENI: Hiyo ni salio. Mara ya kwanza. Sikiliza haraka. Suuza na siki, halafu suuza mara mbili na ya ndoo, usiguse bomba. Usikamue, minya ndani ya taulo. Kianike ndani, kwenye kivuli, kisipigwe na jua. Kabla hakijakauka sana kikunjekunje mikononi kidogo. Asubuhi gari la kwanza la kwenda Dar linapita hapo stendi alfajiri, baada ya swala. Konda mwambie akushushe Bungu, nitakuwa barabarani.

MUZDALIFA: Mama, sijasema naja. Nimesema nafua.

SEMENI: Sawa, umesema unafua.

MUZDALIFA: Nikimshika nikaanguka naye? Mbele za watu wote wale?

SEMENI: Utakuwa umekaa kitini.

MUZDALIFA: Mikono yangu nayo, mama. Imechanika kwa haya maji. Viganja msasa. Nitamkwaruza kuliko hata nguo.

SEMENI: Mafuta ya nazi unayo? Paka usiku, vaa soksi mikononi, lala. Una kingine?

MUZDALIFA: Mimi na wewe, mama, tunaongea mafuta ya nazi.

SEMENI: Ndiyo ninayoyajua.

MUZDALIFA: Unajua tangu tumzike hujamtaja jina? Hata mara moja. Unasema mtoto. Unasema siku ile. Leo unasema kishati cha babu yenu. Babu nilimkuta kafa, mama. Hiki nilichoshika ni kishati cha Twalha.

SEMENI: Mtandao huku unasumbua, haloo—

MUZDALIFA: Hausumbui. Nakusikia unavyopumua.

SEMENI: Mtoto analia, ngoja nika—

MUZDALIFA: Mtoto amenyamaza. Mama.

(Mlio wa salio, mara ya pili.)

SEMENI: Nina uji jikoni. Nina maji ya kumkanda mzazi. Nina watu wanakuja kesho na mchele haujachambuliwa. Nikimtaja nitakaa chini, Muzda. Nikikaa hapa, nani ataninyanyua? Unanielewa? Nitakaa chini kwenye hii sakafu.

MUZDALIFA: Kaa, mama.

SEMENI: ...

MUZDALIFA: Kaa tu. Uji utaungua, utapika mwingine.

(Kitu kinasogezwa sakafuni.)

SEMENI: Nimekaa.

MUZDALIFA: Ndiyo.

SEMENI: Alikuwa ananishika hiki kidole. Hiki cha pete. Hakiachii. Nikamwambia, niachie babu, nikapike, na yeye... Twal—

(Simu imekatika.)

MUZDALIFA: Mama? ... Haloo? ... Mama, nakuja na hilo gari la kwanza. Haloo? Umenisikia? Nakuja.